Mbegu Hailali Nyumba Moja

Kimaka, Jinja
2 Septemba 2024

Kaka yangu Wasike,

Nakusalimu wewe, wifi Namono na watoto, na mama kuliko wote. Huku tupo. Semei bado anatengeneza viatu pale sokoni, na Patience wetu ana miaka minane sasa, anasoma kwa sauti mpaka majirani wanagonga ukuta. Barua hii anaileta Gordon, dereva Mkenya anayepeleka saruji Soroti. Amekubali kusimama Nakaloke dakika mbili. Mpe maji na usimgombeze, hana kosa.

Wifi aliniambia kwa simu ya jirani kwamba yako umeitupa chooni. Nilicheka, halafu nikalia. Haya, tuandikiane kama marehemu baba alivyotuandikia kutoka kambini, na Kiswahili chake cha jeshi: "Hali yangu nzuri sana," hata mwezi ambao hakula.

Najua umekasirika. Mwezi wa tatu ujumbe wa mradi wetu wa kilimo uliingia kwenye simu zenu zote: PANDA SASA. Mkapanda. Mvua ikanyesha siku tisa, ikaenda zake, mahindi yakakauka yakiwa urefu wa goti. Na wewe ndiye uliyewaambia watu thelathini wa kikundi chako waache wimbi wapande mahindi mapya, kwa sababu mimi, dada yako, ndiye niliyekuambia wewe.

Sasa mvua za pili zinakaribia, na nina maombi mawili. Kwanza, usipande punje za yale mahindi machache yaliyopona. Mbegu ile ni chotara, ukiirudia shambani haizai tena kama mwanzo. Ilitakiwa niwaambie siku ya mafunzo. Sikuwaambia.

La pili ni mbegu ya mama. Unakumbuka siku naolewa, mama alijaza wimbi kwenye vibuyu viwili, kimoja akakipandisha juu ya meko kwenye moshi, kingine akanipakatisha mikononi. Akasema mbegu hailali nyumba moja. Ikiisha kwa kaka, itatoka kwa dada, na ikiisha kwa dada, itatoka kwa kaka. Lakini anayeomba lazima atamke kwa mdomo wake, "Tumekula mbegu," bila kuzunguka.

Kaka, kibuyu kipo? Nijibu hilo tu, mengine nyamaza ukitaka.

Dada yako,
Dorothy


Nakaloke, Mbale
29 Septemba 2024

Dorothy,

Salamu zimefika, na Gordon kanywa maji vikombe vitatu. Barua yako imesafiri siku kumi na tisa kwa kuwa lori lilivunjika eksili Bugiri. Kwa hiyo ushauri umenikuta nimeshapanda. Tena nimepanda punje hizohizo unazozikataza, nilizichagua moja moja, zile nene. Mahindi yanayozaliwa na mahindi si mahindi? Mambo haya ulifundishwa wapi, na kwa nini sisi mlitufundisha nusu?

Sikugombezi. Nakupa habari tu. Namono hajambo, mgongo unamsumbua. Watoto wazima. Mama jicho moja limezibwa kabisa na mtoto wa jicho, la pili linaona vivuli, lakini masikio yake ni ya paka. Anasikia mpaka tusiyosema.

Kanisani nikikaa benchi, benchi lote linabaki langu. Watu wa kikundi hawanitukani. Wananiambia, "Habari ya asubuhi, mwenyekiti," na wanapita. Afadhali wangenitukana.

Na Shadiah, yule mjane tunayepakana naye shamba, unamkumbuka? Uliniambia nimfute kwenye orodha kwa sababu alikataa kuacha wimbi. Nikamfuta. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Mama, wewe endelea kulima nyasi zako, utakula kama mbuzi." Watu walicheka, mimi nikacheka kuwazidi. Basi mwezi wa saba Shadiah kavuna. Si sana, lakini kavuna. Sisi tuliomcheka tunapita mbele ya nyumba yake tumegeuza shingo, eti tunatazama ndege.

Karatasi imekwisha.

Wasike


Kimaka, Jinja
24 Novemba 2024

Kaka Wasike,

Natumaini mgongo wa wifi umepoa. Patience anamsalimu bibi yake, amemchorea kuku, nimemwambia bibi haoni vizuri, akasema basi atamgusa. Mchoro umo humu ndani.

Nakutumia debe la unga wa posho, ule wa mahindi, na maharage kidogo. Usiulize nimetoa wapi. Kazi ni nyingi, ndiyo maana sijaweza kuja.

Mahindi yanasemaje? Kama bado kuna unyevu, chimba mitaro ya kushika maji kukata mteremko, funika udongo kwa majani makavu. Hiyo si hadithi ya ofisini, kaka. Nimeiona kwa macho Iganga na Namutumba, inafanya kazi. Usikatae dawa nzuri kwa kuwa daktari ni mimi.

Umeniandikia ukurasa mzima na kibuyu hukukitaja. Nakuuliza tena. Wimbi la mama linavumilia jua kuliko chochote tulichowagawia. Likipotea, hakuna duka Mbale litakalokuuzia. Kipo?

Dorothy


Nakaloke
6 Januari 2025

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya, kama una heri. Unga ulifika, Mungu akubariki. Nilichimba mitaro, nikafunika majani. Udongo ulikaa na unyevu kweli, hapo sikukatalii. Lakini mbegu ni mbegu. Magunzi yametoka kama vidole vya mtoto, punje nne hapa, sita kule. Tumevuna asubuhi moja, saa nne tukawa tumemaliza, tukakaa chini tukatazamana.

Krismasi tulikula majani ya kunde. Watoto hawakulalamika, na hicho ndicho kilichoniumiza. Mtoto mwenye nguvu hulalamika.

Mama aliugua Desemba, homa ya siku nyingi, lakini sasa amepona. Anakaa nje juani. Mchoro wa kuku aliugusa, akasema kuku huyu ni mnene, achinjwe.

Nawe unauliza kibuyu, kibuyu. Sikia basi. Kila asubuhi mama anaomba ashushiwe kibuyu, anakiweka sikioni, anakitikisa. Kinalia. Anarudisha. Umeridhika? Kinalia.

Sasa zamu yako. Chako je? Tangu uanze kuniuliza changu, chako hujakisema hata mara moja. Halafu Gordon anasema siku hizi hakukuti ofisini, anakukuta sokoni umetandika nyanya kwenye gunia. Nilimwambia kamfananisha. Kakufananisha kweli?

Wasike


Kimaka
2 Februari 2025

Kaka,

Hajanifananisha. Ni mimi.

Semei na mtoto wazima. Naanza na hilo kwa sababu yaliyobaki si mazuri. Mradi ulifungwa Oktoba. Wafadhili waliondoka, mlango ukatiwa kufuli, tukaambiwa asanteni. Nilikuandikia kwamba kazi ni nyingi, na kweli ni nyingi, nyanya hazijiuzi.

Lipo jingine, nimelibeba tangu mwaka jana na limenikondesha. Ule ujumbe. Utabiri tuliokuwa nao mezani ulisema msubiri, mvua ya Machi itadanganya, ya kweli itaingia katikati ya Aprili. Niliusoma mwenyewe. Lakini wageni wa mradi walikuwa wanakuja mwanzo wa Mei, na mkubwa wetu alitaka wakute mashamba ya kijani wapige picha. Akaniambia, "Dorothy, tuma." Nilimwambia utabiri unakataa. Akasema, "Nani mkubwa hapa?" Nikatuma. Kidole kilichobonyeza ni hiki ninachoshikia kalamu.

Wageni wenyewe hawakuja. Ndege iliahirishwa.

Ningeweza kukupigia wewe peke yako, kaka yangu wa tumbo moja, nikasema usipande. Niliogopa ungewaambia wengine. Sasa umejua. Nitukane, nimejiandaa.

Dorothy


Nakaloke
27 Februari 2025

Mdogo wangu Dorothy,

Sikutukani. Siku nilipoisoma barua yako nilitembea mpaka barabara kubwa na kurudi, nikasema maneno ambayo baba angenipigia fimbo. Jioni nikanyamaza, kwa sababu nina langu ambalo ni baya kuliko lako. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha vya kutosha.

Tumekula mbegu.

Nimelitamka kwanza kwa sauti, kama mama alivyoagiza, ndipo nikaliandika. Namono alikuwa anasikia. Akatoka nje.

Ilikuwa Desemba, ile homa ya mama. Siku ya sita posho ya mwisho inamkwama kooni, anaomba uji wa wimbi. Watoto wamekunywa maji ya chumvi. Nikapanda kwenye kigoda, nikashusha kibuyu. Nilijiambia kikombe kimoja, cha mgonjwa. Lakini utampaje bibi uji wajukuu wakiwa wamesimama mlangoni? Kikombe kikawa sufuria, sufuria ikawa siku tisa. Mama akauliza, "Wimbi umetoa wapi?" Nikasema Shadiah katupa. Shadiah! Mwanamke niliyemwita mbuzi, nikamtia kwenye uongo wangu bila hata kumwomba chumvi.

Mama akapona. Nikajua asubuhi atataka kibuyu chake. Nikashuka mtoni palipokauka, nikachota mchanga laini, nikauchekecha kwa chekeche la chai, nikakijaza. Unalia vilevile, Dorothy. Haki ya Mungu, unalia vilevile. Kila asubuhi anautikisa, anatabasamu, na mimi moyo unanikatika.

Sasa mawingu yanajikusanya juu ya mlima. Unajua desturi: konzi ya kwanza hurushwa na mama mwenye nyumba, majirani wakiwa wamesimama mpakani mwa shamba, ndipo watu wajue nyumba hii ina mbegu. Nyumba iliyokula mbegu haipewi hata jembe la kuazima. Mama ameshamwambia Namono afue gomesi, gauni lake la Jumapili.

Nimesema kwa mdomo wangu. Sasa na wewe timiza. Leta kibuyu chako kabla ya mvua. Mpe Gordon, au uje mwenyewe, hata kwa miguu. Mimi kaka yako nakupigia magoti, na hujawahi kuniona nimepiga magoti.

Wasike


Kimaka
10 Machi 2025

Kaka yangu,

Barua yako nimeipata leo asubuhi, Gordon alikwama Malaba wiki nzima. Naandika hapa hapa sokoni, yeye ananisubiri injini inanguruma.

Sina mbegu.

Si kwamba imeisha jana. Miaka tisa iliyopita, tumetoka kupanga chumba chetu, nina mimba ya Patience, Semei hana kazi. Nilitamani uji wa kwetu. Nikasema, mbegu ya nini mjini, nitaipanda kwenye saruji? Nikasema, kaka anayo. Nikasaga yote. Ulikuwa mtamu, kaka, nililamba mpaka mwiko. Kibuyu chenyewe naweka vijiko.

Nilikuwa nakuuliza chako kila barua kwa sababu changu hakipo. Nawe bila shaka ulipokuwa unashusha kile, ulijiambia dada anacho. Ole wetu! Mama alitengeneza nyumba mbili ili moja iokoe nyingine, sisi kila mmoja akala akimtegemea mwenzake.

Sijui tufanye nini. Nilipewa cheti cha kuwafundisha watu kilimo, na sijui. Usimwambie mama. Nakuomba, chochote utakachofanya, usimwambie mama.

Dorothy


Nakaloke
31 Machi 2025

Mdogo wangu,

Barua yako imefika Jumatano. Mama alikuwa ameshapanda tangu Jumamosi.

Mvua ilipiga Ijumaa, nzito, udongo ukanukia. Alfajiri mama ameshavaa gomesi. Nilitaka kumwambia. Nilisimama mbele yake mara tatu, na mara zote nikageuka. Namono akamshika mkono, tukaenda. Mpakani watu wamejaa, wote wa kikundi, mikono nyuma. Na Shadiah upande wake, na jembe.

Mama akatoa kizibo, akamimina kiganjani. Kiganja kikasimama hewani. Nikaona kidole gumba kinasugua. Dorothy, mikono ile imeshika wimbi miaka sitini. Nilifumba macho, nikangoja aufunue uchi wangu mbele ya kijiji.

Nikasikia sauti yake: "Ota, ulishe wenyewe na wapita njia." Akarusha.

Akarusha konzi ya pili, na ya tatu. Akatembea shamba zima akirusha mchanga, mgongo umenyooka, Namono nyuma yake anafukia huku machozi yanamtoka, na watu wakadhani ni furaha. Wakasema, "Mungu aoteshe." Mwenye nyumba ya mbele akaniita jina langu, Wasike, si mwenyekiti, akaniuliza kama nitahitaji jembe lake. Mama alinifunika mbele yao wote kwa mchanga wangu mwenyewe.

Nyumbani aliketi, akaomba maji. Akasema, "Nilijua tangu kikombe cha kwanza. Wimbi la Shadiah halina ladha ya moshi." Nikamuuliza, mama, mbona hukusema? Akasema, "Ningesema, ungeona aibu, ungeondoa sufuria motoni, na watoto walikuwa hawajashiba." Na kile kibuyu, kila asubuhi? "Nilikuwa nakupa nafasi. Asubuhi zote zile, mwanangu. Nilidhani leo atasema, leo atasema."

Nililia kama mtoto, sikufichi. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Kwa watu nimekufunika. Kwa Shadiah nenda ujifunue mwenyewe."

Nilimkuta anapepeta. Hakuniambia karibu. Akasema, "Mwenyekiti, umekuja kuomba nyasi?" Nikapiga magoti pale kwenye makapi, nikasema tumekula mbegu. Nikamwambia na ule uongo niliomtia. Akasema, "Ya mbegu nayajua. Ule mchanga ulipeperuka ukaniingia kwenye kandambili. Wimbi halichomi vidole." Akacheka peke yake. Halafu akaniambia mimi ni wa kumi na mbili. Watu kumi na mmoja wa kikundi changu walishamfuata mmoja mmoja, kwa kujificha, kila mmoja akidhani ni yeye tu aliyekula. Wote amewapa. Ndiyo maana kwangu imebaki bakuli moja.

Nikamuuliza kwa nini ananipa hata hilo. Akasema, "Nyasi hizi alinipa mama yako mwaka niliofiwa na mume wangu. Wewe ulikuwa Kenya unatafuta kazi. Hukuniuliza nimezitoa wapi, ulicheka tu."

Jumatatu iliyofuata tulipanda juu ya mchanga, bila mtu kutazama. Bakuli moja, Dorothy, na mama kakataa tupande lote. Mistari michache tu kule chini kwenye mitaro, na juu yake majani makavu kama ulivyofundisha. Hata likiota lote hatutakula wimbi mwaka huu, mavuno yote ni ya mbegu. Posho yako iliisha kitambo. Mpaka Julai watoto watakula nini sijui, na sitakuandikia kwamba hali yangu nzuri sana.

Barua zako nilizificha kwenye paa. Jana nikazitoa nikamsomea mama yote, ujumbe, uji, vijiko. Umesema nisimwambie, lakini nimechoka kuficha, na yeye husikia hata hivyo.

Nusu ya bakuli iko juu ya meko, kwenye moshi. Namono ameishika na mimi nimeishika, hatujaila, na watoto wanaiona kila siku wanapolala na njaa. Ni yako. Mama anasema utoe vijiko, uje na kibuyu.

Kaka yako,
Wasike